Maombi Kumi na Matatu ya Mama Noella

Jumapili, tarehe 18 Machi 2012. Mvua ilianza saa kumi na moja alfajiri, ikanyesha bila ngurumo hadi saa mbili na nusu, kisha ikabaki manyunyu na wingu zito upande wa ziwa. Tope la Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, siku hiyo lilikuwa lile linalomvua mtu kiatu na kumwacha akiruka kwa mguu mmoja mbele ya wakwe zake.

Askofu Hudson alitarajiwa kutoka Mbarara saa nne. Kwenye ukuta wa kanisa letu, Mlango wa Majibu, ilikuwa imebandikwa karatasi kubwa iliyoandikwa kwa wino wa bluu na kutiwa kivuli chekundu: MAOMBI YALIYOJIBIWA, 91 KWA 100. Karatasi hiyo iliandikwa Ijumaa. Lilikuwa tendo la imani kubwa, maana Ijumaa hiyo hesabu halisi ilikuwa themanini na nne. Zile saba zilizopungua zilikuwa zimeketi benchi la nne upande wa wanawake, zimevaa kitenge cha kijani, na zilikuwa na jina: Sidonie Nabintu, au kama sote tulivyomwita, Mama Noella.

Ni vizuri nimweleze, kwa sababu katika taarifa zilizopelekwa Mbarara hakuwahi kuelezwa. Aliandikwa kwa nambari tu.

Sidonie alizaliwa mwaka 1971 Walungu, Kivu ya Kusini, nchini Kongo. Alisoma mpaka darasa la sita, akajua kusoma vizuri na kuandika kwa shida, akaimba kwaya tangu ana miaka kumi. Mwaka 1993 aliolewa na Constantin, fundi wa baiskeli, mtu mpole ambaye kosa lake kubwa, kwa maelezo ya mkewe, lilikuwa kula akiwa amesimama. Noella alizaliwa mwaka 1997. Mwaka 2002 vita vilipowafikia tena, watu wa kijiji walitoka asubuhi wakiwa na magodoro vichwani. Kwenye njia panda Constantin alikumbuka kwamba mama yake mzee alikuwa amekataa kutoka nyumbani. Akasema, "Mutangulie, nitabakuta mbele," akarudi.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia Sidonie kutoka kwake. Kwa miaka kumi aliyachunguza kama mwalimu anavyochunguza insha, na hakuona kosa. Hakusema labda. Hakusema Mungu akipenda. Alisema nitabakuta: atawakuta, basi.

Januari 2003 Sidonie alifika Nakivale akiwa amemshika Noella mkono. Alipewa kiwanja, turubai, jembe na sufuria. Alilima maharage, na mezani pake sokoni aliuza chumvi, dagaa na mawese. Kila Jumanne alikwenda Mbarara kununua bidhaa, akipitia Kabingo, akirudi jioni na vumbi hadi kwenye kope. Hayo yote aliyafanya bila kelele, na kama angeishia hapo tungemsifu hadi leo.

Lakini alikuwa na ombi.

Zamani, kabla ya hesabu, maombi yetu ya Ijumaa yalikuwa rahisi. Mtu alisimama, akataja haja yake, wote tukapaza sauti pamoja. Kwa aliyepotea tulikuwa na desturi yetu: kanisa zima lililiita jina lake mara tatu, kwa nguvu, kama unavyomwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Sidonie alisimama kila Ijumaa na maneno yaleyale, akitaka mumewe au walau mahali alipo. "Mungu alete bwana yangu Constantin. Ao aseme fasi alipo." Basi watu themanini wakaita: Constantin! Constantin! Constantin! Kisha yeye akaketi na kurekebisha kilemba chake. Constantin hakuwa na kaburi, wala picha, wala karatasi. Alikuwa na sisi tu, mara tatu kwa juma.

Mwanzoni mwa 2009 Askofu Hudson alirudi kutoka semina huko Kampala akiwa na safu. Nasema safu kwa sababu ndicho alichotuletea: daftari kubwa lenye safu nne. Jina. Ombi. Tarehe. Jibu. Kila ombi lilipewa siku tisini. Katika siku hizo Mungu alitakiwa kulijibu, likaandikwa Limejibiwa. Asipolijibu, liliandikwa Limefungwa, na mwenye ombi akashauriwa aichunguze imani yake. Kwamba Mungu naye angeweza kuchunguza ratiba yake halikuwa jambo lililojadiliwa.

Daftari nilikabidhiwa mimi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Sitasema kwamba Mungu hakujibu. Alijibu sana. Tuliomba mvua tarehe 2 Machi, ikanyesha tarehe 5, na kwamba mvua ya Machi huku imekuwa ikinyesha mwezi Machi tangu enzi za babu zao wenyeji halikupunguza shangwe hata kidogo. Mbuzi wa shemasi Nestor alipotea, tuliomba, siku ya nne alionekana ndani ya chungu cha jirani, akiwa na vitunguu. Shemasi alilia. Lakini ombi lilikuwa "Mungu amwonyeshe mbuzi alipo," na Mungu alikuwa amemwonyesha. Limejibiwa.

Ombi la Sidonie halikuonyesha dalili yoyote. Siku tisini zikaisha, nikaandika Limefungwa. Ijumaa iliyofuata akasimama tena na maneno yaleyale. Kanuni ilisema ombi lililofungwa haliwezi kuendelea, ila jipya linaweza kufunguliwa. Basi nikamfungulia jipya. Kufikia Machi 2012 Constantin alikuwa amepotea mara moja katika dunia hii na mara kumi na tatu katika daftari langu. Maombi yote yalikuwa mia moja sitini na manne. Yaliyojibiwa, mia moja thelathini na saba. Kumi na manne ya watu wengine yalifungwa, na kumi na matatu yalikuwa ya mwanamke mmoja. Alitushusha peke yake.

Na kushuka kulikuwa na gharama. Tawi lililopita tisini lingepewa kinanda na spika mbili kutoka Mbarara. Mchungaji wetu, Pasta Modeste, alikuwa mtu mwema asiyekataa kuzika wala kubatiza hata kwenye mvua, lakini alikuwa ameota kinanda hicho mara mbili, na ndoto ya pili kilikuwa kimeshafunikwa kitambaa.

Basi ikaanza kazi ya kumsaidia Mama Noella.

Alianza shemasi Nestor. Mkewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na tangu hapo Roho alikuwa akizungumza naye mara kwa mara. Jumatano moja Roho alimwambia kwamba Constantin alifariki zamani, tena kwa amani, na kwamba mjane wake asiogope kuanza maisha mapya na mtu wa karibu, mcha Mungu, mwenye ng'ombe mmoja. Nestor alishangaa sana kuusikia ufunuo huo. Alishangaa akiwa amevaa shati jipya.

Juma lilelile Mama Perpétue, mwenye karama ya maono, alimwona Constantin akiwa hai kabisa, katika mji mkubwa, pengine Lubumbashi, na mke mnene na watoto watatu. Alimwona hata akila.

"Alikuwa anasimama ao alikuwa amekaa?" Sidonie akauliza.

"Amekaa kwa meza," akasema Mama Perpétue, "na nyama mingi."

"Basi haikuwa yeye."

Pasta Modeste alisikiliza mafunuo yote mawili na akayapokea yote mawili, kwa sababu Roho ni mmoja. Aliniambia kwamba ukitazama vizuri hayapingani: yote mawili yanajaza safu ya nne.

Lakini nisiwapotoshe. Sidonie hakuwa mtakatifu wa kuchongwa ukutani, mwenye subira na macho yaliyoinuliwa. Alikuwa na maswali, na maswali yake yalikuwa na meno. Alimuuliza Pasta: "Munasema Mungu anasikia yote. Ile siku, kwa njia panda, alisikia Constantin anasema nitabakuta. Kama hakusikia, tunaomba nani? Na kama alisikia, ananificha nini?"

Kanisani kwetu swali halijibiwi, hufungiwa. Swali dogo, kufunga siku moja. Swali la kati, siku tatu. Hilo la njia panda Pasta alilipima akatoa siku tatu, bila maji. Sidonie alifunga, akarudi na swali lilelile pamoja na lingine. Mwaka 2010 alifunga siku nyingi hata Noella, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, akamwambia Pasta mlangoni: "Baba Pasta, mama akiuliza tena, mumujibu tu. Nyumbani hatuna tena mutu wa kulima."

Mwaka huohuo, baada ya mfungo wa nane, Sidonie aliacha kuomba. Hakutangaza. Alikuja Ijumaa kama kawaida, akataja ombi lake, tukaita jina mara tatu, lakini yeye mwenyewe kinywa kilikuwa kimefungwa, na wakati wa maombi ya kila mtu kwa sauti yake alitazama mabati. Nilimwona kwa sababu karani hafumbi macho. Jirani yake wa shambani, Mukandoli, mama wa Kinyarwanda ambaye haogopi kuuliza kitu, alimuuliza mbona bado anakuja.

"Nakuja kuona kama na Yeye atakuja," Sidonie akasema. "Miye sina tena maneno. Ninyi ndio munaita. Mukiacha, nani atamuita?"

Agosti 2011, katika safari zake za Jumanne, alikwenda kwenye kanisa mama huko Mbarara, upande wa Biharwe, kumuuliza Askofu mwenyewe. Alifika saa tatu. Katibu alimwambia kwamba maswali yanapokelewa Jumanne. Sidonie akasema leo ni Jumanne. Katibu akatazama kalenda, akakubali kwamba ni Jumanne, akasema ila si Jumanne ya maswali. Alikaa nje mpaka saa tisa, dumu la mawese miguuni. Mtu pekee aliyemjali alikuwa mzee wa kanisa aliyesimamia lango siku hiyo, Sajenti Kezironi, askari wa kambi ya jeshi ya hapo, mrefu, mwenye masikio yanayosimama mbali na kichwa. Alimletea kiti na chai.

"Nyabo," akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "unangoja nani?"

"Nangoja Askofu. Niko na swali."

"Kumbe! Mimi iko na swali tangu mwaka tisini na saba," Sajenti akasema. "Kunywa chai kwanza."

Saa tisa Askofu alitoka akiharakisha kwenda kumtembelea mgonjwa katika hospitali ya Ruharo. Alimsikiliza Sidonie mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari, akampa jibu lake: siku saba.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye juma lile la Machi. Alhamisi kamati ilikwenda nyumbani kwa Sidonie: Pasta, Nestor, Mama Perpétue, na mimi na daftari. Alitukaribisha, akatuletea viti viwili na dumu moja la kukalia. Nestor alipata dumu.

"Mama Noella," Pasta akaanza, "tumekuja kwa upendo."

"Mumekuja bane," Sidonie akasema, akituhesabu wanne kwa kidole. "Upendo mingi hivi, iko nini?"

Pasta alieleza. Askofu anakuja Jumapili. Ombi lile haliwezi kuendelea. Lakini hatumlazimishi, kanisa ni la uhuru, anaweza kuchagua. Akikubali ufunuo wa shemasi, itaandikwa kwamba Mungu amemjibu, Constantin amelala, na yeye ataingia benchi la wajane, linalopata sabuni kila mwezi. Akikubali ono la Mama Perpétue, itaandikwa kwamba Mungu amemjibu, Constantin yuko Lubumbashi, na kanisa litamwombea moyo wa kusamehe. Kwa njia yoyote ile, tisini na moja.

"Na Ijumaa?" Sidonie akauliza. "Mutaendelea kumuita?"

"Mama, ombi iliyojibiwa haiitwi tena."

"Sasa, kama amekufa, hamumuite. Kama iko Lubumbashi, hamumuite."

"Ndiyo."

"Na kama iko fasi fulani, anasikiliza?"

Dumu la Nestor lilitoa sauti. Mama Perpétue alimwambia kwa ukali kwamba mwanamke wa imani huweka nukta. Sidonie akasema yeye ataongea Jumapili, mbele ya Askofu, kwa kuwa sasa angalau Askofu atakuwa amekaa. Pasta alilichukulia hilo kuwa ndiyo. Ijumaa karatasi ikaandikwa.

Jumapili, basi. Askofu Hudson alifika saa sita na robo badala ya saa nne, gari likiwa limesukumwa mara mbili, pamoja na kwaya ya familia za wanajeshi na Sajenti Kezironi, ambaye suruali yake ilionyesha nani alikuwa akisukuma. Kinanda kilikuwa ndani ya gari. Kila mtu alikuwa amekiona. Pasta alikiona mara nyingi zaidi.

Baada ya mahubiri Askofu aliisoma karatasi ya ukutani kwa furaha na akaomba kusikia mama ambaye Mungu amemjibu baada ya miaka mingi. Kiswahili chake alikipata katika biashara na kambini, kinatosha na hakibembelezi.

"Kuja hapa mbele, mama. Ambia watu. Mungu alijibu wewe nini?"

Sidonie alitembea mpaka mbele. Aliificha mikono ndani ya kitenge.

"Baba Askofu, hajanijibu."

Kikohozi kikatoka mahali fulani. Pasta Modeste alitazama sakafu, ambayo ilikuwa udongo tu na haikuwa na la kumsaidia.

"Mama hakuelewa swali," akasema Nestor.

"Nimeelewa, shemasi. Tena niko na yangu." Sidonie alimgeukia Askofu. "Shemasi alipoteza mbuzi, mukaomba, siku ine Mungu akamuonyesha fasi iko. Mbuzi! Nilifurahi, hata nilichota maji ya kuosha kile chungu. Miye naomba mutu. Miaka kumi. Nimefunga mpaka nguo zangu zinanikimbia. Sisemi anilete Constantin leo. Nasema tu, aniambie fasi alipo, hata kama ni chini. Mwenye mbuzi aliambiwa. Miye mbona?"

Watu walicheka kwenye neno mbuzi, kisha wakaona kwamba hawakutakiwa kucheka. Kicheko kikabaki hewani bila mwenyewe.

Askofu alitabasamu tabasamu la semina. "Mama, shida si Mungu. Shida ni imani kidogo."

"Iko kidogo, ndiyo," Sidonie akasema. "Lakini njo hiyo kidogo nimekuja nayo hapa kila Ijumaa, miaka kumi. Wenye walikuwa na mingi walishapata mbuzi wao, wakabaki nyumbani."

Ilikuwa kweli. Nusu ya waliojibiwa katika daftari langu hawakuonekana tena baada ya jibu. Hakukuwa na safu ya hilo.

Hapo Sajenti Kezironi alisimama. Hakuitwa. Alivua kofia, akaishika kifuani.

"Askofu, mimi naomba kusema kidogo. Kijana moja alikuwa chini yangu, tisini na saba. Tulienda, yeye hakurudi. Hatukuona mwili. Wakubwa waliniuliza, Sajenti, tuandike nini, amekufa ao ametoroka? Mimi nikasema, andika hatujui. Wakasema hiyo si jibu. Nikasema, afande, hiyo ndiyo ukweli iko nayo." Akaigeuza kofia. "Mama yake bado anakuja kwangu kila Krismasi. Nikimwambia hatujui, analia, lakini anakunywa chai. Nikidanganya yeye, nafikiri hatakunywa chai yangu tena. Basi. Huyu mama, mimi naona asilazimishwe."

"Sajenti," Askofu akasema polepole, "hapa si kambi."

"Ndiyo, Askofu. Kambini kuna mahali ya kuandika hatujui."

Akaketi. Kwaya yake ilimtazama kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Sitasema kwamba Askofu Hudson alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye matawi kumi na saba na gari lililokwama. Alishauriana na Pasta kwa sauti ndogo, wakageuza kurasa za daftari langu mbele nyuma, na baada ya dakika sita hivi akatangaza uamuzi. Ombi la mama halikujibiwa, hilo limesikika, na kanisa haliwezi kusema uongo. Lakini pia ombi lisilo na mwisho si ombi, ni kero, na linachosha imani ya wengine. Kwa hiyo halitahesabiwa kuwa limejibiwa wala limefungwa. Litafutwa. Yote kumi na matatu, kana kwamba hayakuandikwa. Kanisa halitaliita jina hilo tena siku za Ijumaa. Mama mwenyewe yuko huru kuomba peke yake nyumbani, akipenda.

Nilipiga hesabu. Mia moja thelathini na saba kwa mia moja hamsini na moja. Tisini na moja, ukikadiria hadi namba kamili iliyo karibu. Karatasi ya ukutani haikuhitaji kubadilishwa hata herufi. Naliona jambo hilo kuwa la ajabu kuliko mengi yaliyomo katika safu ya nne.

Askofu akasema, "Watu wote waseme Amina." Tulisema. Nilisema na mimi, kisha nikachukua rula na kuchora mistari kumi na mitatu, myembamba, iliyonyooka, nikageuza ukurasa kila mara baada ya wino kukauka.

Sidonie alikuwa bado amesimama mbele. Alimuuliza Askofu kama anaweza kuketi. Akarudi benchi la nne, na benchi lote lilisogea kumpa nafasi, nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji.

Kinanda kilishushwa. Kilipigwa hadi saa kumi. Wakati wa chakula watu walipita kando ya Sidonie kwa haraka ya watu wenye sahani. Mama Perpétue alimwambia kwamba anamwombea. Nestor alipita, shati lake jipya likiwa limelowa mgongoni. Sajenti Kezironi alimletea soda, wakakaa kwenye benchi lililotolewa nje, chini ya mabati, wakitazama matope.

"Sasa utafanya nini, nyabo?"

"Sijue. Bamenifukuza mbele ya Mungu ao bamenisukuma mbele yake, sijue." Alikunywa kidogo. "Miaka mbili sikuseme na Yeye kitu. Niliacha batu baseme. Sasa batu bamenyamazishwa."

"Ataanza nani? Wewe ao Yeye?"

"Yeye njo mukubwa. Angeanza."

"Mimi nimengoja Yeye aanze tangu tisini na saba," Sajenti akasema. "Lakini lango sijaacha."

Sidonie alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo, kicheko cha puani. Kisha akamuuliza jina la yule kijana aliyepotea. Sajenti alimtajia. Sidonie alilirudia mara moja kwa sauti ndogo ili alishike, akamrudishia chupa, akaenda kumtafuta binti yake.

Pasta Modeste alimfuata hadi njiani. Alitaka kusema kitu kizuri. Alisema, "Mama Noella, Ijumaa utakuja?"

"Kwani mumefuta na benchi?"

Kesho yake asubuhi, Jumatatu, hapakuwa na mvua, ila ardhi ilikuwa bado nzito. Sidonie alikwenda shambani saa kumi na mbili na nusu kupalilia maharage. Haya ninayoandika sasa nimeyapata kwa Mukandoli, ambaye shamba lake linapakana na lake kwa mfereji tu, na ambaye aliacha kazi yake ili asikose kitu. Anasema Sidonie alilima nusu ya mstari wa kwanza kimya. Kisha alisimama, akaegemea jembe, akaanza kusema kwa sauti, kwa Kishi, lugha ya kwao Walungu ambayo Mukandoli haijui, bila kufumba macho wala kuinua mikono, kwa ukali wa mtu anayemkuta mwenye duka aliyemfungia mlango. Mara nyingine alinyoosha kidole. Mara moja alitema mate. Jina la Constantin alilisema mara nyingi, Mukandoli hakuhesabu. Na jina lingine la kiume, la Kinyankore. Kisha alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wenye udongo, akaendelea kulima na kusema, kulima na kusema, mpaka mwisho wa mstari wa pili.

"Mama Noella," Mukandoli akaita, "unagombana na nani?"

"Na Mwenyewe."

"Anajibu?"

"Bado." Sidonie alikwangua tope kwenye jembe kwa kidole cha mguu. "Toa mguu huko, unakanyaga maharage yangu."

Akaanza mstari wa tatu.